Kwanini mjane hakuitikia salamu yako

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga anayeishi Toronto, nimelifupisha kidogo: "Mwalimu shikamoo. Nilikuwa namlea mzee wa Kiyahudi kwa miaka miwili, amefariki mwezi huu. Siku ya pili baada ya mazishi nikaenda kwao kutoa pole. Mlango nimeukuta wazi, nikapiga hodi wee hakuna aliyeitika, nikaingia, nikasalimia, mjane akaniangalia tu hakujibu. Kakaa kwenye kigoda kifupi, vioo vyote vimefunikwa mashuka, watu wamejaa sebuleni na hakuna anayesema kitu. Nimekaa karibu saa zima, mwishowe nikaona nitoe neno, nikamwambia mama jipe moyo, tutafanyaje, kazi ya Mungu haina makosa. Binti yake akanikata jicho! Nimetoka pale nimenyong'onyea mpaka leo. Je walinichukia? Na hawa wenzetu mbona wanafiwa kimyakimya hivyo, hawalii?"

Marahaba dada. Na pole sana, manake hapo hata wewe ni mfiwa ila naona hakuna aliyekumbuka kukupa pole, miaka miwili ya kumlisha mtu na kumgeuza kitandani sio mchezo.

Niseme moja kwa moja, hawakukuchukia. Mjane kutoitikia salamu ni utaratibu wao, ntakueleza. Ile saa zima uliyokaa bila kusema kitu ndo ilikuwa heshima kubwa kuliko yote uliyowapa, umefanya bila kufundishwa jambo ambalo wapo Wayahudi wazima linawashinda. Iliyokwaza ni ile sentensi ya mwisho, na wala usijilaumu sana, hilo kosa lina umri mrefu mno, limewahi kuandikwa karibu neno kwa neno kama ulivyolisema wewe.

Mimi nimefundisha Kiebrania cha Agano la Kale kwa muda mrefu na nilipokuwa nasoma nilikaa Yerusalemu miaka miwili, kwa hiyo hizo sebule za vioo vilivyofunikwa nimezikalia, na mara ya kwanza nilijisikia kama wewe tu. Sisi tumekulia kwenye misiba yenye turubai, sufuria kubwa, vilio vinasikika mtaa wa tatu, na lugha yetu yenyewe kimya haikiamini, si ndo tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu? Mtu akikunyamazia unajua kuna jambo. Sasa ukiingia kwenye nyumba watu ishirini wamenyamaza lazima uwaze nimekosea wapi.

Lakini kwanza nikutoe kwenye hilo la "hawalii", sio kweli. Soma Yeremia 9:17, pale wanaitwa wanawake waombolezaji, mafundi wa kulia, waje wawaongoze watu kutoa machozi. Na Mishna, yaani ule mkusanyo wa sheria zao uliokamilika miaka ya 200 hivi baada ya Kristo, inamnukuu Rabi Yehuda akisema hata mwanaume maskini kabisa katika Israeli akifiwa na mkewe asikodi pungufu ya filimbi mbili na mwanamke mmoja wa kulia. Umeona, maskini wa mwisho na bado lazima sauti isikike! Talmudi nayo, yaani mijadala mirefu ya marabi juu ya hiyo Mishna, inapanga siku 3 za kulia, 7 za kuomboleza, na 30 za kutonyoa na kutovaa nguo zilizonyooka, tena inakataza kuzidisha. Kwa hiyo kulia kupo na kuna muda wake rasmi.

Hapa ndo watu wengi wanachanganya, hata wahubiri wetu. Kile kimya sio sheria ya mfiwa. Ni sheria ya anayekuja kumfariji. Mfiwa ana ruhusa ya kulia, kupiga kelele, kusimulia, kulalamika kwa Mungu, au kutazama ukuta. Wewe mgeni ndo huna ruhusa ya kufungua mdomo mpaka yeye afungue wa kwake.

Imetoka wapi? Kitabu cha Ayubu. Unakijua kisa, mali imekwenda, watoto kumi wamekufa siku moja, mwili umejaa majipu. Marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanakuja, wanamwona kwa mbali hawamtambui, wanalia, wanararua mavazi, wanajimwagia mavumbi, halafu wanakaa naye chini kwenye udongo siku saba mchana na usiku na hakuna aliyemwambia neno kwa sababu waliona uchungu wake ni mkubwa mno (Ayubu 2:13). Siku saba. Na "shiva", jina la hayo matanga uliyoenda wewe, maana yake ni saba tu basi. Afu sura ya 3 inaanza: Ayubu akafungua kinywa. Ndo sura ya 4 Elifazi anajibu. Marabi wakaangalia huo mpangilio, kwanza huyu kafungua kinywa, ndipo yule kajibu, wakatoa sheria: wafariji hawana ruhusa ya kusema neno mpaka mfiwa aanze. Na bado ipo kwenye Shulkhan Arukh, kitabu cha sheria cha Yosef Karo cha karne ya 16 ambacho Wayahudi wanaoshika dini wanakifuata mpaka leo.

Na kichekesho (kama kwenye msiba kuna kichekesho) ni kwamba hao marafiki watatu wa Ayubu walikuwa wafariji wazuri mno kwa siku saba, wakaja kuharibu walipoanza kuongea. Toka sura ya 4 mpaka ya 25 wanazungumza tu, wanamwambia hebu kumbuka, ni nani aliyewahi kuangamia akiwa hana kosa? Yaani tafuta dhambi yako. Ayubu akawaambia laiti mngenyamaza kabisa, hiyo ndo ingekuwa hekima yenu. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao. Talmudi imekwenda mbali zaidi, imeyaweka maneno yao kwenye orodha ya kuumiza mtu kwa mdomo, kwamba mtu akipatwa na magonjwa au akizika watoto wake usiseme naye kama walivyosema rafiki za Ayubu.

Sasa aliyesema hiyo sheria ya kumsubiri mfiwa, na hapa ndo mimi hunyamaza kidogo kila nikifundisha, ni Rabi Yohanan wa Tiberia, karne ya 3. Huyu mtu alizika watoto kumi. Talmudi inasema alikuwa na kifupa cha mtoto wa kumi, na akienda kwa mtu mwenye uchungu anasema hiki ni kifupa cha mwanangu wa kumi. Kwa hiyo aliyesema "usifungue mdomo mpaka mfiwa afungue" ni mtu aliyekalishwa kwenye kigoda mara kumi na kusikiliza watu wakimwambia mambo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kuna siku alikwenda kumwona mwenzake mgonjwa, Rabi Elazar, kwenye chumba cha giza, akamuuliza mateso haya unayapenda? Akajibiwa siyataki, wala thawabu yake siitaki. Yohanan hakumpa mahubiri, akamwambia nipe mkono. Akampa mkono, akamwinua. Na alipougua yeye, mwenzake mwingine alikuja akamuuliza vilevile, nipe mkono, akamwinua. Talmudi inauliza, kwanini Yohanan asijiinue mwenyewe? Inajibu, mfungwa hajifungulii gereza.

Kisa chake cha mwisho ndo kigumu zaidi. Alikuwa na mwenzake wa kusoma naye, shemeji yake, Resh Lakish, aliyewahi kuwa mnyang'anyi kabla ya kuingia kwenye Torati. Wakagombana kwenye mjadala, maneno makali yakatoka, Resh Lakish akaugua akafa. Yohanan akavunjika kabisa. Marabi wakasema tumpelekee huyo Elazar, kijana mwenye akili, akamtulize. Elazar akakaa mbele yake na kila Yohanan akisema neno, yeye anasema kuna fundisho la kale linalokuunga mkono. Nia njema kabisa! Yohanan akamwambia, wewe unadhani uko kama mwana wa Lakish? Yeye nikisema kitu alikuwa ananipinga mara ishirini na nne nami namjibu mara ishirini na nne, ndo elimu inapanuka, wewe unaniambia kuna fundisho linaniunga mkono, kwani mimi sijui kama nimesema vizuri? Akawa anatembea anararua nguo zake, analia uko wapi mwana wa Lakish, uko wapi mwana wa Lakish, mpaka akili ikamtoka, na marabi wakamwombea akafariki. Walimletea mtu wa kuziba pengo wakati pengo lenyewe ndo alilotaka kukaa nalo.

Mimi mwenyewe nilipofiwa na mdogo wangu nilipewa maneno mengi sana, mazuri, sikumbuki hata moja. Namkumbuka mzee mmoja jirani, fundi baiskeli, alikuja siku zote za matanga, anakaa kiti cha pembeni yangu, jua likihama na yeye anahamisha viti vyetu vyote viwili kwenda kivulini. Hajawahi kuniambia kitu zaidi ya "sogea". Rav Papa, rabi wa Babeli wa karne ya 4, alisema thawabu ya kwenda nyumba ya msiba ni kule kunyamaza, na nilipokuja kuisoma hiyo sentensi nilimwona yule mzee.

Haya, tuje kwenye kosa lako. Umesema "tutafanyaje". Sikia hii. Kulikuwa na rabi anaitwa Ulla, wa nchi ya Israeli, kaenda Babeli, kuna mwenzao kafiwa na binti yake, wakamwambia Ulla twende tukamfariji. Akakataa, akasema mimi na faraja za watu wa Babeli wapi na wapi, faraja zao ni kumkufuru Mungu, manake wanasema "tutafanyaje", maana yake ingewezekana kufanya wangefanya! Kwamba wanaukubali uamuzi wa Mungu kwa sababu tu hawana pa kukimbilia. Na hiyo ikaingia kwenye sheria, Rabi Moshe Isserles wa Krakow katika karne ya 16 aliandika kabisa kwamba mtu asimwambie mfiwa utafanyaje, amri ya Mungu haigeuziki. Kwa hiyo kama yule binti amesoma soma, alisikia msemo uliopigwa marufuku zamani sana. Kama hajasoma, basi alisikia tu mtu anamfungia mama yake mjadala kabla hajauanza, na hilo halihitaji kitabu.

Utaniuliza, mbona Ayubu mwenyewe alisema Bwana ametoa na Bwana ametwaa? Ndiyo, sura ya 1 mstari wa 21, na sisi tunaiandika mpaka kwenye misalaba. Ila angalia nani kasema. Kasema Ayubu, mwenye watoto wake. Hakuambiwa. Kwenye mila yao pia mfiwa husema maneno ya aina hiyo, wakati wa kurarua nguo husema "abarikiwe hakimu wa kweli", hilo ni lake kulisema. Likitoka mdomoni mwake ni imani, likitoka mdomoni mwako akiwa hajakuuliza linakuwa kitu kingine. Sisemi kwetu tuache kusema kazi ya Mungu, kwetu ni kama salamu na mfiwa anaipokea hivyohivyo. Ila kwao halina nafasi hiyo.

Na salamu zenyewe. Salamu ya Kiyahudi ni "shalom", amani, na wanaona kumwambia amani mtu aliyekalia kigoda cha msiba ni kama dhihaka, amani ipi? Siku tatu za mwanzo mfiwa akisalimiwa haitikii, anamjulisha aliyemsalimia kwamba yuko kwenye msiba, kuanzia ya nne anaitikia ila haanzi yeye. Wengi siku hizi hawashiki kwa ukali huo, lakini wewe ulienda siku ya pili kwa familia ambayo naona inashika. Mlango unaachwa wazi kusudi asitokee mtu wa kupiga hodi na mfiwa asilazimike kuinuka kukaribisha. Vioo vinafunikwa, viatu vya ngozi havivaliwi, hayo ni mengi siyaingii yote.

Ila chakula siwezi kukiacha. Wakitoka makaburini mfiwa hali chakula chake mwenyewe, majirani wanaleta, na kwa desturi ni mayai au dengu, zile adesi. Kwanini dengu? Talmudi inasema dengu haina mdomo, tofauti na maharage na kunde zenye ule mstari, na mfiwa naye hana mdomo. Pia ni ya mviringo na msiba unazunguka, leo kwangu kesho kwako. Na kuna masimulizi kwamba zile dengu Yakobo alizokuwa anapika, zilizomfanya Esau auze uzaliwa wa kwanza, zilikuwa za msiba, siku hiyo babu yao Abrahamu alikuwa amefariki na Yakobo alikuwa anampikia baba yake Isaka. Yaani Esau katoka mawindoni, badala ya kukaa chini na wafiwa akauliza sufuria.

Kuna mtu atasema na Haruni je, mbona yeye mfiwa ndo alinyamaza? Kweli. Mambo ya Walawi 10, wanawe Nadabu na Abihu wanakufa kwa moto hemani, Musa anamwendea na maelezo ya kidini palepale, na mstari wa 3 unamaliza kwa maneno mawili ya Kiebrania, vayidom Aharon, Haruni akanyamaza. Neno hilo ni zito, limetumika pia Yoshua alipoliamuru jua lisimame. Wafafanuzi wao wa zamani wa maandiko kila mmoja ana lake. Rashi anasema Haruni alilipwa kwa kimya hicho, Mungu alisema naye peke yake baada ya hapo. Ramban anasema alikuwa analia kwa sauti, ndo akanyamaza. Abarbanel ndo ananigusa zaidi, anasema moyo wake uligeuka kama jiwe, kitu kisicho na uhai. Kwa hiyo wakubwa wao wenyewe hawajakubaliana kama kile kimya ni imani au ni mtu aliyekufa ganzi, mimi naona wamefanya vizuri kutokubaliana. Na hakuna aliyekitungia sheria kwamba wafiwa wote wanyamaze kama Haruni. Ukimsikia mtu anamwambia mama aliyefiwa anyamaze kama Haruni, amesoma nusu.

Pengine umewahi kuona video za Israeli ving'ora vinalia, magari yanasimama katikati ya barabara kuu watu wanashuka wanasimama wima dakika mbili, ile ni siku ya kukumbuka waliouawa na Wanazi na siku ya wanajeshi waliokufa vitani. Usiichanganye na hii. Desturi ya kusimama kimya dakika kadhaa ilishika mizizi Cape Town mwaka 1918 wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Uingereza ikaichukua 1919 na ikasambaa duniani, na wapo Wayahudi washika dini wanaolalamika kwamba si yao, kwao ukumbusho ni zaburi na Kaddish, ile sala yao ya kuwakumbuka waliokufa. Halafu kile ni kimya cha umma, cha kusimama. Hiki cha kwako ni cha kukaa chini na mtu mmoja.

Sasa ufanye nini. Shiva imeshaisha, lakini wapo kwenye siku 30 bado au wanakaribia kuzimaliza, kwenda sio kuchelewa. Usiende kuomba msamaha kwa maneno mengi, utamlazimisha yeye akufariji wewe. Peleka chakula, ila uliza kwanza kama jiko lao ni kosher, yaani linafuata sheria za dini yao za chakula, kama ni la kosher peleka matunda mazima tu. Kaa. Subiri aanze. Akitikisa kichwa kama mtu aliyechoka, ondoka, hiyo nayo ni sheria kabisa, mfiwa akishatikisa kichwa mfariji hana ruhusa ya kuendelea kukaa. Kuna maneno ya kuagia ambayo utayasikia watu wengi wakiyarudia wakati wa shiva: "HaMakom" akufariji pamoja na waombolezaji wote wa Sayuni na Yerusalemu. HaMakom ni jina la Mungu, maana yake Mahali. Ukiliweka Kiswahili sarufi inagoma, Mahali pakufariji au Mahali akufariji? Mimi napenda zote mbili.

Akianza kuongea, na ataanza, hapo kimya chako kimekwisha kazi, ongea. Usimweleze kwanini mzee amekufa, msimulie mzee. Wewe una kitu ambacho hata binti yule hana, ulikuwepo asubuhi zile ambazo wao walikuwa kazini. Chai aliitaka vipi, alikuwa anaimba nini ukimwogesha, alikutania nini, alimtaja nani akiwa usingizini. Akikuuliza mwambie yote, hata yale unayodhani ni madogo. Na safari hii mlango utaukuta umefungwa, kwa hiyo piga kengele.